Makofi Kwenye Matete ya Rusizi

Hii habari sikuambiwa na mutu. Niliibeba kwa mugongo yangu mwenyewe, pamoja na mutoto. Kuko watu hapa Buyenzi, Bujumbura, wakiniona naanza wanacheka, wanasema bibi ameanza tena. Wacheke. Mi mwenyewe napenda kucheka kuwapita, muulize jirani yeyote. Lakini hii nitaapa na mukono juu ya musahafu, na ilikuwa muchana, jua kwa utosi. Nani aliwadanganya ati wafu wanatembea usiku tu? Usiku kila mutu anaogopa, hata paka. We ngoja uogope saa sita ya muchana, jasho inakutoka na bado unasikia baridi, ndiyo utajua.

Ilikuwa miaka ile ya vita, ng'ambo bado tunaita Zaire. Muji ulikuwa umefungwa. Unaamuka asubuhi wanasema leo ni vili morti, muji umekufa, basi hakuna duka, hakuna dispansere, hakuna kutoka. Ukijaribu kuvuka kartie moja, mutaa moja, uende ingine, vijana wa gerenedi wanakungojea kwa kona. Usiku masasi inapita juu ya mabati yetu kama mutu anapasua kitambaa. Bwana yangu alikuwa fundi wa magari. Alitoka kutafuta kipande cha gari upande wa Kamenge, akasema weka chai kwa moto narudi. Chai ilikauka. Sikupata hata kiatu yake.

Nilibaki na Zaina, mwaka moja na kitu. Basi homa ikamushika, homa ile ya kutapika mpaka maji. Alikuwa analia kasauti kadogo, kama mulango unataka mafuta, hakanyamazi usiku na muchana. Dawa apana. Munganga wa kartie alishakimbia. Dada yangu mukubwa alikuwa Uvira, ng'ambo ya mupaka, anafanya kazi ya kufua mashuka kwenye hospitali, na alikuwa ametuma neno: mulete huku, huku daktari iko. Uvira si mbali. Siku za amani unaenda kumusalimia mutu unarudi kula kwako. Lakini kwenye barabara ya Gatumba kulikuwa na barieri ya askari, na barieri siku zile, wengine wanapita, wengine wanapelekwa nyuma ya nyumba. Mi na Zaina hatukuwa na bahati ya kuchezea.

Ndiyo nikaenda kwa Buhoro.

Jina yake ya kweli ilikuwa ingine. Buhoro ndiyo tulikuwa tunamuita, sababu kila kitu anakuambia buhoro buhoro, pole pole. Alikuwa pisteri, yule mutu anawatembeza wazungu kwa miguu kwenye pori ya wanyama, kule muto Rusizi unaingia kwenye ziwa. Mi nilikuwa namucheka siku za amani. Mutu anatoka Ulaya, anapanda ndege, anakuja kukanyaga matope ili aone kiboko anapiga miayo! Angekuja kwangu ningemuonyesha shemeji yangu akiamuka, bila matope. Vita ilipokuja wazungu wakaisha, na Buhoro akaanza kupitisha watu. Njia ileile, matope ileile. Askari hawakuwa wanaingia ndani ya ile matete. Na wao wana mama wa kuwalilia.

Tulitembea muchana, musishangae. Usiku kiboko anatoka majini kuja kula majani, na njia yote inakuwa yake. Muchana amelala kwenye maji, njia yake inabaki bure. Njia ya kiboko ni kama mufereji ndani ya matete, upana wake ni upana wa tumbo yake, na juu matete inafungana. Ukiwa ndani unaona mugongo ya mutu wa mbele, basi. Nyuma yako huoni kitu.

Kabla ya kuingia, Buhoro alitukalisha chini, mi na wengine wa kuvuka. Alikuwa na soksi ya majivu, anaitikisa aone upepo unapeleka wapi harufu yetu, na bidoni tupu, dumu ya plastiki, kwa mukanda. Akatuambia vile alikuwa anawaambia wazungu wake.

"Mi naangalia mbele tu. Nikigeuka kuwaangalia nyinyi, mamba ataniangalia mi. Kwa hiyo mutu wa mwisho ndiye mukia. Nikigonga bidoni, mukia anapiga makofi mara mbili. Nikisikia makofi, najua wote wako, naendelea. Nikisikia kimya, nasimama, narudi mwenyewe. Musiniite, musipige yowe, askari watasikia. Ukishindwa kutembea, nyamaza tu. Kimya ndiyo kuniita."

Mumesikia? Shikeni hiyo, sababu habari yote iko hapo. Makofi ni kusema nendeni. Kimya ni kusema rudini.

Buhoro alitaka niende karibu yake, sababu ya mutoto. Wenzetu wakanung'unika. Walisema kile kilio kitatuletea risasi, akae nyuma, risasi ikija ianze huko. Walisema mbele yangu, hawakunong'ona. Siwalaumu, kila mutu alikuwa na wake wa kuokoa. Ni Mzee Athumani tu, fundi cherehani wa kwetu, ndiye alisimama upande yangu. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani kwa bega, chuma tupu. Buhoro alimuomba aiache akakataa, akasema basi muniache na mi.

Akaniambia, "Mama Zaina, kaa nyuma yangu. Wakitupiga tutasema tulikuwa tunaenda kushona."

"Na nikifa njiani?"

"Sanda yako nitashona bure. Lakini kitambaa ulete mwenyewe."

Nilicheka! Mutoto anaisha mukononi na mi nacheka. Mungu alituumba na mambo.

Basi tukaingia, mi ndiye mukia. Matope mpaka magoti. Mi nimezaliwa Bujumbura, ziwa naliona kila siku, na sikuwahi kujua kule kuko nini. Tulipita mamba amelala mudomo wazi, ndege mudogo anatembea kwenye meno yake kama mutu anafagia baraza. Buhoro alinyoosha mukono, wote tukawa miti, majivu ikaenda upande wa mamba, akatuzungusha mbali. Kulikuwa na swala mwenye kwato ndefu, anasimama kwenye maji mpaka kifua anatuangalia, hana haraka. Na kila kidogo nasikia bidoni, ko-ko, naachilia Zaina kidogo, kitenge kinamushika mugongoni, napiga makofi mara mbili, pa-pa, tunaenda.

Halafu Zaina akanyamaza.

Walionitangulia walifurahi, nadhani. We mama unajua. Mutoto alikuwa analia siku zote zile, halafu ananyamaza kwa mara moja. Nilipiga magoti palepale kwenye matope, nikamushusha mugongoni. Macho ilikuwa imeenda juu, nyeupe tupu. Shingo haikushika kichwa. Nikamumwagia maji ya chupa usoni, nikamupuliza puani, nikamufinya. Mzee Athumani hakuona. Ile cherehani ilikuwa inamuziba shingo, anaenda tu. Mugongo yake ukaingia kwenye matete, ukaisha.

Sikuogopa sana bado. Nilijisemea, watagonga, mi sitapiga, Buhoro atarudi. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye kichwa cha mutoto.

Bidoni ikagonga. Ko-ko.

Na nyuma yangu, karibu kabisa, kama ni sikioni: pa-pa. Makofi. Makofi ya mikono yenye maji.

Nikageuka. Matete tu.

Huko mbele nikasikia mustari unaendelea kuchapa matope, unaenda. Bidoni tena, sasa mbali. Na tena nyuma yangu, pa-pa. Aliyekuwa anajibu alikuwa anajibu mahali pangu, anasema Mama Zaina yuko, nendeni. Na wanaenda! Nifanye nini? Niite? Redio ya askari nilikuwa naisikia upande wa barabara, wanapiga muziki. Nikimbie? Mbele njia ilikuwa imegawanyika, njia ya kiboko hii, njia ya kiboko ile, matope imekoroga nyayo zote. Nilikaa pale na mutoto asiye na shingo, na kila bidoni ikigonga, mutu ananiuza.

Ndipo akatoka.

Mama moja, wa makamo yangu ya wakati ule. Kitenge cha kijani. Amevaa kamambili moja, mguu wa pili mutupu. Alikuwa amelowa mpaka shingoni, anachuruzika, jua lile kali na hakauki. Uso wake ulikuwa wa mutu yeyote unayekutana naye kwenye bomba ya maji. Niamini, angekuwa na pembe ningeogopa kidogo.

"Wamekwenda tena," akasema. "Na we wamekuacha?"

Nikamuuliza, we mama, ni we unapiga makofi? Akasema ndiyo. Alisema yeye alifika nyuma, wenzake walishaingia kwenye matete, akakimbia akawashika mukia. Hakuna aliyemuambia kitu. Aliona tu mutu wa mbele yake akisikia bidoni anapiga makofi, na yeye akawa anapiga. Halafu akateleza, mahali penye maji mengi. Bidoni ikagonga, akapiga makofi wamusikie. Ikagonga tena, akapiga kwa nguvu zaidi.

"Napiga wajue niko hapa. Kila wakipita napiga. Hawarudi. Sijui wana roho ya namna gani."

Mumeona? Alikuwa anawafukuza na mikono yake mwenyewe, na hajui.

Sasa nitawaambia vile nilijua yule si mutu. Njia ilitikisika, matete ikalala upande, na kiboko kijana akaja mbio kutoka nyuma anatafuta maji, kitu kilikuwa kimemushtua. Nilijitupa kwenye matete na Zaina chini yangu. Yule mama hakusogea. Kiboko alipita mahali alikuwa amesimama. Hakumugonga, hakumupinda. Alipita kama anapita kwenye moshi wa jiko, na yule mama akabaki amesimama, anachuruzika, anaendelea kuniangalia.

Nikaanza Ayatul Kursi. Ikanikimbia katikati. Nikaruka kwenye Alhamdu, nikaimaliza, nikaanza tena. Yule mama akaningojea kwa heshima mpaka nikamaliza, akasema, "Amina." Akagusa paji na kifua, ishara ya musalaba. Mukristo, masikini. Mpaka leo nikikumbuka ile amina sijui nicheke ama nilie.

Bidoni ikagonga, mbali sana sasa. Akainua mikono.

"Usipige!" nikamuambia. "Dada, kwa Mungu, ukinyamaza ndiyo watarudi."

"Nikinyamaza watajuaje niko hapa?"

Na mikono ikapiga. Nilimueleza tena, pole pole kama kwa mutoto, akaitikia kwa kichwa, akasema nimesikia. Bidoni ikagonga na mikono ikaenda yenyewe, pa-pa, na yeye mwenyewe anaiangalia. Nilirusha mikono yangu kumushika. Nilishika maji. Maji ya baridi, ikapita kwenye vidole.

Basi akaangalia Zaina, vile mutu anaangalia moto siku ya mvua. Akasema, "Nipe nikushikie. Umechoka."

Hivyo tu. Vile mama yeyote anasema kwa mwenzake kwenye foleni. Nipe nikushikie.

Na mi nikaelewa. Akiwa na mutoto mikononi, hawezi kupiga makofi.

Sasa kaa mahali yangu kidogo. Mikono ile mi sikuweza kuishika, itamushikaje mutoto yangu? Akiteleza ataanguka kwenye matope. Na akishikika, si ndiyo mubaya zaidi? Mufu anashika nini? Anashika cha kwake. Nikimupa na akamushika, basi Zaina nusu yake imeshakwenda. Na nisipomupa, bidoni itagonga mara ingine na ingine mpaka isisikike tena, na tutabaki wote wawili, tutapata na sisi kitu cha kupiga makofi. Hakuna wa kuuliza. Bwana hayupo, mama yangu hayupo, Mungu yuko lakini hakusema kitu.

Nikamuinua Zaina. Nikamuweka pale.

Alimushika.

Nilihisi uzito ukitoka kwangu ukienda kwake, kabisa, kama kumupa jirani. Akamuegemeza kwenye shingo, akaanza kumutingisha, na mudomo yake ukawa unaimba kitu bila sauti. Kichwa cha Zaina kilikuwa kimelala vizuri. Mi nilikuwa nimebaki mikono mitupu kwenye matope, naangalia mutoto yangu kwa mutu aliyekufa, na nilikuwa nasema moyoni, usimupende sana. Tafazali dada, usimupende sana.

Bidoni ikagonga. Nusu ya sauti tu, upepo uliileta.

Mikono yake ikashtuka. Lakini ilikuwa imejaa.

Kimya.

Ikagonga tena. Kimya. Wanangu, kimya ile! Inzi walinyamaza. Halafu nikasikia matope inachapwa, mutu moja, haraka, anakuja upande wetu. Na yule mama akasikia pia. Uso wake, sijui nitausemaje. Kama mulango ulifunguliwa.

"Wanarudi," akasema. "Wanarudi kunichukua."

Buhoro akatoka kwenye matete, jasho tupu. Akapita kando yake, bega kwa bega. Hakumuona. Akanikamata mi mukono, akasema kwa hasira ya chini, Mama Zaina, ulikuwa unapiga makofi na hautembei, ni muchezo gani? Na mutoto yuko wapi?

Yule mama akamuangalia Buhoro, akaniangalia mi.

"Na mi?" akasema.

Nilinyoosha mikono. Nikasema, dada, ni wangu, nirudishie. Hakukataa. Alimukaza kidogo tu. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri vile, hata leba ya Zaina mwenyewe ilikuwa rahisi. Akasema pole pole, si kwa ubaya, anauliza tu, "Nikikupa, mikono yangu itafanya nini?"

"Ifunge kifuani," nikasema. "Ifunge hivi, unyamaze, watakurudia."

Akanipa. Na Zaina alipogusa kifua changu, alilia. Kilio kikubwa, cha mutoto mwenye njaa na hasira. Buhoro aliruka, sababu yeye alimuona anatokea mikononi mwangu kama ametolewa kwenye maji, amelowa mugongo mzima. Akainama akaangalia chini. Yeye kazi yake ilikuwa kusoma nyayo. Akaona nyayo yangu, na ya kiboko, basi. Alinivuta tukaenda.

Hatukufika mbali. Alipowafikia wengine akagonga bidoni, ni mazoea, kabla ya kuwaanzisha. Mi nilikuwa nyuma yake kabisa, mikono imejaa mutoto. Na kule tulikotoka ikajibu: pa-pa.

Nilipiga yowe. Nilisahau askari, nilisahau wote. Nilisema nyamaza, dada, nyamaza! Mzee Athumani ndiye alinifunga mudomo na kiganja chake. Bahati redio ya askari ilikuwa inapiga, hawakusikia.

Tulivuka na mutumbwi, tukafika Uvira jioni. Daktari alimuangalia Zaina akasema homa imeshashuka, mulimupoza na nini? Nikasema na maji. Nilisema uongo? Sikusema.

Buhoro nilimuambia yote palepale kwenye mutumbwi. Hakucheka. Akasema kuko safari moja walifika majini, mutu wa mwisho akasema mama moja aliyewakimbilia nyuma hayuko, na njia nzima makofi yalikuwa yanajibu vizuri, hajawahi kuelewa. Tangu siku ile alibadilisha namna yake. Hata vita ilipoisha na wageni wakarudi, alikuwa anawaweka mbele, yeye anatembea nyuma. Pisteri gani anatembea nyuma? Wenzake walimucheka mpaka akazeeka. Na alikuwa anaingia mule peke yake, bila bidoni, anakaa kwenye njia ya kiboko, anangoja. Aliniambiaka hakuona kitu. Alikufa kitandani kwake, Mungu amurehemu.

Zaina ni mama sasa. Homa haijamushika tena hata siku moja. Lakini mugongo wake, pale alishikwa, ni baridi. Weka mukono hata saa sita ya muchana, ni baridi kama mutungi. Bwana yake ananiuliza, nasema ni damu ya kwetu.

Sasa nasikia vijana mumeanza kwenda tena Rusizi siku ya mungu, Jumapili, mukaangalie viboko. Endeni, ni vizuri, mutapiga picha. Lakini mukiwa kwenye mustari, mutu wa mwisho mugeuke mumuangalie na macho, musiamini masikio. Mukisikia makofi nyuma na nyuma hakuna mutu, simameni. Musijibu, musimutafute. Simameni tu kidogo, aone kuko watu wamesimama sababu yake, halafu muende.

Na kama muko na mutoto mugonjwa, zungukeni. Lipeni gari, laleni njiani, mufanye yote, musimupitishe mule. Sababu ataomba amushike. Ataomba vizuri, kwa sauti ya jirani. Na mutamupa. Mi nilimupa.